Ukungu Huwekwa Mwisho

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Najua neno hilo ni la watu wenye mvi, lakini daktari wa ngozi hakuniachia jingine. Aliitazama mikono yangu, akanusa mkono wa sweta yangu, akasema tapentaini imeshaingia mahali ambapo haitoki, na kwamba nikiendelea nayo kifua kitafuata. Nilimuuliza maswali mengi. Alijibu matatu, akaita mgonjwa mwingine. Basi ninawaachia karakana hii ya picha, Kioko na Mumbua, wanafunzi wangu, na pamoja nayo kurasa hizi, kwa sababu kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake kwa nini hapa tunapaka msitu mzima, mti kwa mti, halafu tunaufunika kwa ukungu. Mimi pia niliuliza. Jibu nililopewa halikunitosha kwa miaka mitano.

Nilifika katika karakana hii katikati ya miaka ya tisini nikiwa na shahada ya falsafa na viatu vya kuendea mahojiano ya kazi. Baba yangu, mkulima wa kahawa huko Kangundo, alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake amesomea mambo ya kufikiria, na majirani walikuwa wakimpa pole. Mahojiano hayakuzaa kitu. Siku moja nikapita nyuma ya maduka ya nguo karibu na msikiti, nikaona kibao cha kinyozi kikikaushwa juani, kimeandikwa Kiingereza kwa herufi nzuri sana zenye makosa mawili. Nikaingia kumwambia mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Bi Zuhura. Mnamjua akiwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha mlangoni na kutoa amri; wakati ule alikuwa na miaka hamsini na kitu na alipanda ngazi mwenyewe. Marehemu mumewe alitoka pwani akiwa mwandishi wa vibao, na alipofariki yeye akarithi brashi, wateja na deni la heshima: hakutaka mtu aseme kazi imelala. Asubuhi aliandika vibao. Baada ya adhuhuri alipaka mandhari kwa rangi za mafuta, miti na vilima, kwa ajili ya hoteli, zahanati na watu waliojenga nyumba mpya wakakuta kuta ni tupu. Nilipomwonyesha yale makosa mawili alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu, akasema, "Kesho njoo na viatu vya kuharibika."

Siku ya kwanza niliosha brashi. Siku ya pili niliosha brashi zilezile, kwa sababu za jana hazikuwa safi. Siku ya tatu nilipewa kazi ya kutengeneza kijani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba Bi Zuhura alikuwa ameficha tyubu zote za kijani kabatini. Kijani cha dukani, alisema, ni kijani cha ndoo ya plastiki. Cha kwetu kinatoka katika buluu na manjano, au nyeusi na manjano ukitaka mti uliochoka. Nilichanganya aina arobaini. Alichagua sita. Nilimuuliza hizo sita zimezishinda nyingine kwa kigezo gani, akaniambia niende nje nikatazame mti, na nikirudi na swali lilelile atanijibu. Sikurudi nalo. Niliudhika, kwa kuwa chuoni nilifundishwa kwamba hiyo si hoja.

Vifaa mnavijua, lakini andikeni mahali kabla havijasahaulika. Kanvasi zetu ni kitambaa cha marekani kilichovutwa juu ya fremu ya mbao, kikapakwa gundi nyembamba, halafu rangi nyeupe ya msingi mara mbili, na kusuguliwa kwa msasa kati ya mara na mara. Tabaka za chini zinachanganywa na tapentaini ziwe nyembamba. Za juu zinapewa mafuta ya kitani ziwe nono. Ukigeuza utaratibu huo, picha itapasuka kama uso wa bwawa la Masinga wakati wa kiangazi. Mimi niligeuza. Nilitaka kuona kama ni kweli. Picha ile bado iko darini, nendeni mkaione.

Chombo cha ukungu ni brashi ya kunyolea ndevu ya marehemu mume wa Bi Zuhura. Najua mmekuwa mkiitumia bila kujua. Ina manyoya laini yaliyochoka, na hakuna duka linalouza brashi iliyochoka. Unatengeneza ukungu kwa nyeupe, buluu kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, na kahawia kidogo zaidi ya hapo. Nyeupe tupu ni chaki. Unaichovya brashi, unaifuta kwenye gazeti mpaka uone kama haina kitu, halafu unaigusisha kwenye picha kama unampaka mtoto poda. Siku mbili za kwanza ukungu unafutika kwa kitambaa chenye tapentaini bila kudhuru miti iliyo chini, mradi miti hiyo ilikauka vizuri. Siku ya tatu umeshakuwa sehemu ya picha.

Na miti ya chini lazima iwepo yote. Hapo ndipo tulipogombana. Kwa nini nipake shina kwa siku nzima, na magome yake na kuvu zake, kisha nilifunike? Mtazamaji hataliona. Bi Zuhura alisema atalijua. Nilimuuliza atalijuaje kitu asichokiona. "Mwende," akasema, "wewe unauliza kila kitu. Paka kwanza. Swali halikauki."

Yeye mwenyewe hakupaka mtu wala mnyama. Ni imani yake, na wateja walimsumbua sana kwa jambo hilo, hasa wakulima, ambao hawaelewi malisho ya bure yasiyo na ng'ombe hata mmoja. Mzee mmoja alisimama mbele ya picha kubwa ya bonde akauliza kama kuna ugonjwa wa mifugo huko.

Kazi yangu ya kwanza ya ukungu ilikuwa ya chumba cha kungojea cha zahanati moja. Niliitaka iwe ya kutuliza watu. Nilianzia ukungu kwenye vilele vya miti na kuushusha, kwa kuwa mawingu hukaa juu. Baada ya wiki moja nesi alikuja kutuambia, kwa upole sana, kwamba wagonjwa wanaulizana msitu huo unaungua tangu lini. Bi Zuhura hakunicheka mbele ya nesi. Alingoja atoke. Kisha akanipeleka alfajiri mbili mfululizo kwenye barabara ya kupanda vilima vya Iveti, tukiwa na chai kwenye chupa, mpaka nikaona mwenyewe: moshi hupanda, ukungu hukaa. Moshi humeza kilele. Ukungu humeza miguu ya mti na kukiacha kilele kikielea. Niliipaka upya ile picha bila malipo na watu wakaacha kuulizana.

Sasa nifike Kalama, maana ndiko ninakokwenda tangu mwanzo.

Nilikuwa nimefanya kazi karibu miaka mitano alipokuja Mama Ndunge, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, mwenyekiti wa kikundi cha mwethya huko Kalama. Kwa msomaji asiye wa kwetu: mwethya ni watu wa mtaa mmoja wanaofanya kazi ya kila mmoja kwa zamu, wakichimba matuta, wakijenga, wakipanda. Miaka ishirini na mitano nyuma, kikundi chake cha wanawake kilipanda msitu mdogo wa migrevilea na misonobari juu ya korongo lililokuwa likila mashamba. Korongo likakoma. Sasa shule ya jirani ilihitaji mbao za paa, na kikundi kilikuwa kimekubali miti ikatwe. Mama Ndunge alitaka picha ya msitu huo itundikwe katika ofisi ya shule, na chini ya fremu kibao chenye majina, ili watoto wajue paa lao lilisimama wapi kabla ya kuwa paa. Alitaka ukungu. Kwao Julai asubuhi ndivyo msitu ulivyokuwa, na ndivyo walivyouzoea wakienda kupalilia.

Alinipa karatasi yenye majina kumi na moja. Msitu ulikuwa na miti mingi, lakini mstari wa mbele, ukingoni mwa korongo, ulikuwa mgrevilea mmoja kwa kila mwanamke. Kila mmoja aliujua wake.

Nilikwenda Kalama mara mbili na daftari la michoro. Wiki iliyofuata wakataji waliingia na misumeno, na baada yao wachoma makaa waliochimba visiki. Nilikuwa nimebaki na kurasa tisa za kalamu ya risasi. Nikaanza kupaka.

Baada ya mwezi tabaka la chini lilikuwa limekauka, msitu umesimama wazi bila ukungu, na kikundi kikaja kuukagua. Walijaza karakana. Sijawahi kupata wakosoaji kama wale, na nimewahi kuwa chuo kikuu. Mmoja alidai mti wake una mkono mmoja zaidi upande wa mashariki. Mwingine akasema wake umepakwa ukiwa mwembamba kwa sababu nimemwona yeye ni mwembamba. Waliitana, wakasukumana, wakataniana kwa Kikamba haraka kuliko nilivyoweza kufuata, mimi niliyezaliwa nacho.

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja mdogo wa kimo, amebeba vikapu viwili vya wenzake. Jina lake Syombua. Nilidhani amewasindikiza tu. Wengine walipomaliza alisogea, akaweka vikapu chini, akanyoosha kidole kwenye mti wa upande wa kushoto, karibu na jiwe kubwa.

"Na hii ni yangu," akasema.

Kicheko kilikatika. Mama Ndunge akamwambia, bila ukali, "Syombua, wacha." Na Syombua akaacha. Akachukua vikapu.

Nilihesabu miti ya mbele. Ilikuwa kumi na miwili. Nilihesabu majina. Kumi na moja.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia hata Bi Zuhura siku ile. Mimi ninayeuliza kila kitu, sikuuliza. Nilimwona yule mama, nikaona nyuso za wenzake, nikaona ugomvi wa wanawake wa kijiji ambao si wangu, na nikakumbuka kwamba nina chombo kizuri cha kumaliza ugomvi. Kesho yake nikachovya brashi ya kunyolea ndevu. Nilianzia upande wa kulia, nikaacha vilele vikielea, nikasogea kushoto, na nilipofika kwenye jiwe sikuacha kilele. Niliufunika mti mzima.

Bi Zuhura alikuja kutazama jioni. Alimaliza kikombe cha chai akiitazama picha.

"Hapa kushoto," akasema, "umepaka ukungu au umeficha kitu?"

Nilimwambia ni kwa ajili ya mizania. Akasema mizania ni neno zuri.

Asubuhi iliyofuata Syombua alikuja peke yake. Ilikuwa siku ya soko, na alikuwa na mfuko wa mbaazi. Alinisalimu, akauliza kama anaweza kuona tena. Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Nilijishughulisha na kuosha brashi safi.

"Hata hapa," akasema. Basi. Akabeba mbaazi zake akaenda.

Maneno mawili hayo yalinikalia vibaya, kwa hiyo nikafanya ninachofanya nikikaliwa vibaya: nikatafuta ushahidi. Nilitoa daftari nikapitia kurasa zote tisa. Katika kila mchoro, kando ya jiwe hapakuwa na mti. Palikuwa na pengo. Mstari ulikwenda kwa hatua sawasawa, mti, mti, mti, halafu nafasi tupu, halafu jiwe. Nikakumbuka vizuri kabisa. Nilipokuwa nikipanga picha, kushoto kulikuwa kwepesi, jicho lilitoka nje kupitia lile pengo kama ng'ombe kwenye ua uliobomoka. Nikapaka mti wa kuliziba. Mti wa kumi na mbili niliutunga mimi.

Nakiri nilifurahi. Syombua alikuwa amedai mti ambao haujawahi kuwapo, na nilikuwa na kurasa tisa za kuthibitisha. Niliona pia kwamba nilikuwa nimefanya sawa kuufunika, jambo ambalo si lilelile, lakini siku ile niliyachanganya.

Alasiri hiyohiyo Mama Ndunge alifika na wanne wa kikundi kuona ukungu. Syombua alikuwa nao, vikapu vyao mikononi. Nadhani alikutana nao sokoni na hakujua namna ya kukataa kufuatana nao. Waliupenda ukungu. Mmoja alijikunyata kama aliyesikia baridi, na huo ndio ukaguzi bora niliowahi kupata. Kisha Mama Ndunge akauliza ule mti wa kushoto umekwenda wapi.

Nikafungua daftari juu ya meza. Nikawaeleza kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa, kwamba mti huo haukuwapo, kwamba wachoraji hujaza mahali palipo wazi, na kwamba kosa lilikuwa langu, si la mtu mwingine. Niliamini ninamwokoa Syombua aibu. Nilitarajia wacheke.

Hakuna aliyecheka. Mama Ndunge aliinama juu ya daftari. Aliweka kidole kwenye pengo.

"Ni hapa uliuweka? Hapa kando ya jiwe?"

Nikasema ndiyo.

"Nani alikuonyesha?"

"Hakuna. Niliona tu panataka mti."

Akavuta kiti akakaa. Alimtazama Syombua, ambaye alikuwa akitazama sakafu, na akaanza kusema na mimi, lakini hakuwa akisema na mimi.

"Tulikuwa kumi na wawili. Huyu alikosa siku mbili za kazi. Mtoto wake alikuwa na surua. Mimi nilikuwa kijana, mwiitu, binti yangu, nilikuwa nimepewa uenyekiti na nilipenda sheria. Nikasema asiyechimba hana mti. Tukaenda jioni tukaung'oa. Tukamwambia ni mbuzi."

"Mbuzi," Syombua akasema, akiwa bado anatazama chini. "Mbuzi hula majani. Haing'oi na mizizi, ikafukia shimo."

"Ulijua?"

"Nilijua siku hiyohiyo."

Mmoja wa wale wanne akaanza kusema kwamba yeye hakutaka, kwamba aliambiwa. Mama Ndunge akamwinulia mkono anyamaze. Mtoto, nilikuja kujua baadaye, alipona. Kuna kitu katika hilo kilichofanya jambo liwe gumu zaidi kwao: hapakuwa na msiba wa kuwafanya waombe radhi, kwa hiyo hawakuwahi kuomba. Miaka ishirini na mitano walikutana naye kisimani, kanisani, harusini, na yeye aliwabebea vikapu.

"Futa hapo," Mama Ndunge akaniambia.

Bi Zuhura alikuwa mlangoni. Alichukua kitambaa, akakichovya kwenye tapentaini, akakikamua, akaniletea. Ukungu ulikuwa wa siku ya pili.

Na mimi, kitambaa mkononi, nikauliza. Sioni haya kusema hivyo. Lilikuwa swali la haki. Picha ile ilikuwa ya kuwaeleza watoto ukweli. Mstari wa mbele ulikuwa na miti kumi na mmoja. Nikasema, "Lakini mama, huo mti haukuwapo."

"Ulikuwapo," akasema Mama Ndunge. "Siku tisa."

Nikafuta. Niliufuta ukungu kidogokidogo kwa mviringo, kutoka juu kwenda chini. Kilele kikatoka, kisha mikono ya mti, kisha shina. Miguu niliiacha ndani ya ukungu, kama ya mingine. Redio ya duka la jirani ilisikika. Nilipomaliza nilirudi nyuma na kila mtu akamgeukia Syombua.

Alisogea. Aliutazama mti wake kama mtu anayekagua kazi aliyoilipia. Nilidhani atalia, na nikaanza kutafuta mahali pa kuweka macho yangu.

"Ni mfupi," akasema.

Akarudi nyuma hatua moja, akaupima kwa macho.

"Ile miche tulipewa ilikuwa sawa, lakini yangu niliiweka pale kando ya jiwe kwa sababu maji yanakaa. Hii ingekuwa imepita ya Ndunge."

Mmoja wa wale wanne alijaribu kuzuia kicheko akashindwa, kisha wote wakashindwa, na Mama Ndunge mwenyewe akafuta macho kwa ncha ya leso, sijui ni kwa kicheko au kwa jambo jingine. Mti wake ulikuwa katikati kabisa ya picha, na nilikuwa nimeupaka mrefu kuliko yote kwa sababu alikuwa mwenyekiti na alikuwa mteja.

"Mpe urefu huo," Mama Ndunge akaniambia.

Nikachanganya kijani. Nilimuuliza Syombua niupeleke hadi wapi, naye akanyoosha mkono kuonyesha, juu ya kilele cha Mama Ndunge kwa upana wa vidole viwili. Alikaribia mno. Ncha ya kidole chake ikagusa ukungu uliokuwa bado mbichi, ikaacha alama ndogo angani, na akakirudisha kidole haraka kama aliyeungua. Nilimwambia si kitu, nitapaka mti juu ya alama hiyo. Bi Zuhura akamletea kitambaa safi ajifute.

Syombua alikitazama kidole chake, cheupe kwenye ncha.

"Wacha ikae," akasema, akamrudishia Bi Zuhura kitambaa, akabeba mfuko wake mwenyewe, na vikapu vya wenzake akawaachia wenyewe.